Njaa ya Watu wa Shimoni

Wa kwanza kuandikwa njaa alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, na aliyemwandika ni mimi. Baada yake niliandika njaa mara kumi nyingine. Mwandiko wangu ni mzuri, sisi wauguzi wa zamani tulichapwa kwa mwandiko mbaya, kwa hiyo siwezi hata kusingizia kwamba haukusomeka.

Kiwanda chetu ni cha ngozi. Ngozi mbichi huingia kwa lango la nyuma zikiwa na chumvi na nzi, na hutoka kwa lango la mbele zikiwa laini, tayari kushonwa viatu na mikoba. Katikati ya malango hayo kuna mapipa makubwa yanayozunguka kutwa, dawa kali, na maji mengi. Uchafu wote huteremka kwenye shimo lililo nyuma ya karakana. Shimo lina kina cha mita nne, mfuniko wa chuma juu, ngazi ya chuma ukutani, na pampu chini. Pampu huziba kwa nywele na mabaki ya nyama karibu kila wiki, na ikiziba lazima mtu ashuke. Walioshuka walikuwa sita, na mkubwa wao alikuwa mdogo wangu, fundi wa pampu. Nilimlea mimi baada ya mama kufariki. Nilimfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, na hata alipoota ndevu bado nilimwangalia miguu kabla ya kumwangalia uso.

Zahanati ya kiwanda ni chumba kimoja kando ya lango: kitanda, mizani, kabati la dawa, meza na daftari. Dirisha langu linatazama mahali palipokuwa na ubao. Ubao wenyewe uliandikwa SIKU BILA AJALI, na chini yake palining'inia vibati vya namba ambavyo mlinzi alivibadilisha kila asubuhi kabla ya king'ora. Meneja aliuzindua kwa mbwembwe na kipaza sauti. Zikifika siku elfu moja, alisema, kila mfanyakazi atapewa godoro jipya. Usicheke. Anayelala juu ya godoro lililochoka hadi akazihesabu mbao za kitanda kwa mbavu anajua godoro ni nini. Lakini mtu mmoja akiumia, hesabu inarudi sifuri, kwa wote.

Na ilirudi mara moja. Siku ya mia mbili na kumi na mbili, jamaa mmoja wa mapipa alivunjika kidole. Mlinzi akatundika sifuri tatu. Tangu siku hiyo jamaa yule aliitwa Sifuri: kantini Sifuri, msalani Sifuri, mpaka mkewe akaulizwa sokoni habari za Sifuri. Mwisho akaacha kazi. Hapo kila mtu akawa amejifunza somo, na hakuna aliyehitaji kulirudia darasa.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu aliletwa zahanati akiwa ameegemea bega la rafiki yake, mpakia tope tuliyemwita Bingwa kwa sababu ya kula. Bingwa alikuwa anamaliza sahani tatu kantini na kuuliza kama mna haraka ya kuosha vyombo.

"Dada, nimeanguka kidogo," mdogo wangu alisema.

"Kuanguka kidogo ndiko kupi?"

"Nilikuwa kwenye ngazi, magoti yakaisha nguvu. Bingwa akanidaka. Kichwa kinagonga, macho yanawasha."

Alinuka mayai viza. Nilimpima presha, nikamtazama macho, mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Umekula nini asubuhi?"

"Chai."

"Chai tupu? Kumbe wifi yangu anakunyima chakula!"

Akacheka, Bingwa akacheka, nami nikacheka. Kisha akachungulia dirishani, kule kwenye ubao. "Niandike hivyo hivyo, dada. Njaa si ajali."

Nikaandika: Kizunguzungu. Njaa. Nikampa maji ya glukosi, akarudi kazini.

Jumapili nilikwenda kwao. Wifi yangu, mkewe, alikuwa anafua uani. Mimi na wifi tulitaniana tangu siku ya kwanza alipoolewa, na utani wa mawifi una meno, kila mtu anajua. Nikamwambia mbele ya jirani: "Wifi, mume wako anaanguka kazini kwa njaa. Ukoo mzima unaumbuka! Kama huwezi kumlisha sema, tumrudishe nyumbani." Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Wifi alitabasamu kwa midomo tu, akaendelea kukamua nguo. Nilijiona hodari wa maneno.

Watu wa shimoni walikuwa na kanuni yao. Ukifungua mfuniko, harufu ya mayai viza inakupiga usoni, unakohoa. Basi mnakaa kando ya tundu, mnapiga soga za mpira, mnangoja. Baada ya muda harufu inakwisha. Mmoja anainama, ananusa, anasema "imekata," na mwenye zamu anashuka. Mdogo wangu aliipokea kanuni hiyo kwa fundi aliyemtangulia, naye akawafundisha wenzake kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakumruhusu mtu kushuka harufu ikiwapo.

Wa pili kuja zahanati alikuja na mayai viza yale yale mwilini, nikaandika njaa. Wa tatu, njaa. Wa nne akatapika kwenye beseni langu, na nilichokiona katika beseni hakikuwa cha mtu mwenye njaa, lakini niliandika njaa. Wa tano alikuwa Bingwa. Hapo hata mimi niliona haya. Bingwa na njaa wapi na wapi! Usiku ule nilikumbuka ukurasa mmoja wa chuoni, habari ya hewa ya mashimo ya taka. Niliusoma, nikafaulu mtihani, nikausahau.

Asubuhi nilikwenda kwa afisa usalama, mtu wa kalamu tatu mfukoni.

"Hii si njaa," nikamwambia. "Ni hewa ya shimo."

Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza: "Ubao leo unasoma ngapi?"

"Mia tatu na tisini na sita."

"Ukiandika hewa, hiyo ni ajali. Watu mia tatu na kumi watakuja mlangoni kwako kudai magodoro yao. Mimi sikwambii uandike nini, muuguzi. Andika unachokiona."

Nikarudi chumbani kwangu. Nilichokiona ni jina la Sifuri. Nikaandika njaa, na baada ya hapo niliandika bila kuwaza, mara ya sita, ya saba, hadi ya kumi na moja. Nilijiambia nawalinda. Wagonjwa wangu niliwahubiria kila siku kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nimeketi juu ya daftari la maradhi kama kuku juu ya mayai.

Siku ya mia nane na sabini na moja ilikuwa Jumanne. Pampu iliziba saa tatu asubuhi. Walifungua mfuniko, wakangoja, Bingwa akanusa akasema imekata, akashuka. Alipofika chini hakuita. Mdogo wangu alichungulia, akamwona amelala kifudifudi kwenye tope. Wenzake wanasema alivuta pumzi moja kubwa kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akashuka na kamba mkononi. Alimfunga Bingwa kwapani. Aliwapungia mkono wavute. Wakamvuta Bingwa, mzigo wa watu wawili, na walipomlaza chini wakageuka kumtupia kamba mdogo wangu. Hakukuwa na mkono wa kuidaka.

Mimi niliitwa nikakimbia na mfuko wangu. Bingwa nilimkuta anakoroma, nikampindua, nikamsafisha kinywa, akatapika, akaishi. Watatu walitaka kumfuata mdogo wangu, nami nikasimama juu ya tundu nikawazuia kwa mikono miwili. Ndiyo, mimi. Nilijua vizuri kilichomo humo ndani, ndiyo maana niliwazuia. Mmoja alinitukana, akaniuliza ni dada wa namna gani. Zimamoto walifika baada ya dakika arobaini, wakashuka na mitungi mgongoni, wakampandisha. Nilimbonyeza kifua mpaka mbavu zikalia chini ya viganja vyangu, na niliendelea mpaka mtu akanishika mabega. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa barabara.

Kesho yake asubuhi nilipita langoni kwenda kuchukua vyeti vyake. Ubao ulisoma 872.

"Nani kabadilisha?" nilimuuliza mlinzi.

Alitazama chini. "Sikuambiwa nisibadilishe."

Meneja aliniita kunipa pole. Akaniambia kwa sauti ya upole kwamba hesabu ya ubao itasubiri uchunguzi, kwa sababu mtu akikiuka utaratibu kwa hiari yake, hiyo si ajali ya kiwanda. Siku tuliyomzika ubao ulisoma 875.

Uchunguzi ulifanyika wiki ya pili, katika chumba cha mikutano chenye viti vya kuzunguka. Alikuwapo meneja, afisa usalama, Bingwa ambaye bado alikohoa, na wifi yangu kwa niaba ya familia, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Kutoka serikalini alikuja mkaguzi wa kazi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba. Afisa usalama alisoma ripoti yake. Marehemu alishuka bila kibali. Marehemu hakupima hewa. Marehemu hakujifunga kamba. Kila sentensi ilianza na marehemu. Maiti haina mdomo, na jumba bovu lilikuwa linamwangukia taratibu, tofali kwa tofali, mbele ya mkewe. Mwisho alisema kwamba pampu imeziba tena, na kwa kuwa chanzo kimejulikana, shimo litafunguliwa kesho.

Mkaguzi hakuwa anamtazama. Alikuwa anasoma daftari langu la zahanati, ukurasa mmoja mmoja, huku kidole kikitembea.

"Muuguzi, hapa kiwandani mko wangapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Wanaoshuka shimoni?"

"Sita. Sasa watano."

"Katika miaka miwili umeandika njaa mara kumi na moja. Mara zote ni hao sita. Hawa wengine mia tatu na nne, wao wameshiba?"

Meneja alicheka kidogo. "Maisha magumu, mama. Watu wa kazi za suluba huja bila kula asubuhi."

Kwenye neno kula, wifi yangu aliinua uso. Alinitazama mimi, si meneja.

Nitasema ukweli, kwa kuwa uongo nimeshautumia wa kutosha. Nilitaka kunyamaza. Ningetikisa kichwa tu, ningesema ndiyo, wanakuja bila kula, na ningerudi kwenye chumba changu na mizani yangu. Mdogo wangu ameshakufa, atabaki mzembe kwenye karatasi, karatasi itawekwa kabatini. Lakini kesho yake wangeufungua mfuniko. Wangekaa kando, wangepiga soga za mpira, na mmoja angesema imekata. Na yule aliyenitazama alikuwa wifi yangu.

"Si njaa," nikasema. "Ni hewa ya shimo. Nimejua tangu mara ya tano. Nilimwambia afisa, kisha nikaendelea kuandika njaa kwa mkono wangu, ili ubao usirudi sifuri."

Afisa usalama aliishika kalamu moja kati ya zile tatu akaiachia.

"Na mara ya kwanza alikuwa nani?" mkaguzi aliuliza.

"Ni yeye. Marehemu mdogo wangu."

Bingwa akasimama, kiti kikazunguka nyuma yake. "Mimi niliandikwa mara tatu," alisema. "Mimi, njaa! Na siku ile nilinusa vizuri, mama, nakuapia. Harufu ilikuwa imekata."

Mkaguzi alivua miwani. "Harufu haikukata. Hewa ile ikiwa kidogo, unainusa. Ikizidi, inaua pua kwanza. Ukiona huisikii, ndipo imejaa. Nani aliwafundisha kushuka harufu ikiisha?"

Bingwa alikivuta kiti chake, akaketi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Yeye," alisema. "Alikuwa hatuachii tushuke inaponuka."

Mimi nilikuwa nafikiria kwamba kumbe kiwanda chetu kilikuwa kinajifunza siku zote. Tulijifunza kungoja mpaka pua zife, tulijifunza kwa Sifuri kuficha vidole vilivyovunjika, na niliyekuwa na daftari la kutufundisha jambo jingine ni mimi. Shimo lilifungwa kwa kufuli siku hiyo hiyo, ufunguo akaondoka nao mkaguzi.

Wifi nilimkuta nje, kwenye bomba la kunawia mikono. Maji yalikuwa yanatiririka na hakuwa ananawa.

"Wifi," nikasema, "nisamehe."

"Unakumbuka ile Jumapili?" aliuliza. "Uliponiambia mbele ya watu?"

"Ulikuwa utani."

"Kwako. Mimi tangu siku hiyo nimeamka saa kumi alfajiri, kila siku ya kazi. Miaka miwili. Viazi, mayai, uji wa maziwa, nikimsimamia mpaka amalize. Alikuwa ananiambia, mke wangu, nimeshiba, lala. Namwambia kula, dada yako atanitangaza mji mzima." Alifunga bomba. "Siku ile alibakiza nusu ya sahani. Walipokuja kuniambia ameanguka shimoni, kitu cha kwanza nilichowaza ni ile nusu sahani. Nimelala nayo wiki mbili. Nilijua nimemuua mimi kwa njaa."

Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha kwenye kitambaa chake. Akaenda zake kwa miguu, na mimi nikabaki pale nikilia kama mtoto, mtu mzima na sare yake nyeupe.

Mambo yalibadilika, siwezi kukataa. Afisa usalama aliondolewa. Baraza la wauguzi lilinisimamisha miezi mitatu, na nilistahili zaidi. Mkaguzi ndiye aliyesema nirudishwe. Alimwambia meneja kwamba aliyeficha ndiye anayejua palipofichwa. Sasa kuna kipimo cha hewa kinachoshushwa kwa kamba kabla ya mtu, kuna feni, kuna mitungi ya pumzi, na mtu wa juu haruhusiwi kuifuata roho ya wa chini mikono mitupu. Kila Jumatatu asubuhi nasoma kwa sauti yaliyoandikwa wiki iliyopita, hata yaliyokaribia kutokea tu, na hakuna anayeadhibiwa kwa kuandika. Jumatatu ya kwanza daftari lilikuwa tupu. Watu walitazamana, kila mmoja akimkumbuka Sifuri. Jumatatu ya pili lilikuwa na mstari mmoja, wa mlinzi: msumari wa ngazi ya mnara wa maji umelegea, niliteleza jana. Meneja alimshukuru mbele ya wote, kwa taabu kidogo, lakini alimshukuru. Ubao umeshushwa. Vibati vya namba sijui vilikokwenda, na magodoro hakuna anayeyataja tena.

Wifi hakunisemesha ile miezi mitatu yote niliyosimamishwa. Nilituma salamu kwa jirani, salamu zikafika, jibu halikuja.

Siku niliyorudishwa kazini niliondoka nyumbani mapema mno, kwa wasiwasi, nikapita njia ya kwao. Kulikuwa bado na giza, na taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Niliona moshi juu ya bati. Nikajiambia pita, usisimame. Nikasimama. Nikabisha.

Alifungua akiwa na mwiko mkononi. Nyuma yake, mezani, palikuwa na sahani moja, viazi na mayai, na bakuli la uji uliofunikwa. Kiti kimoja kilikuwa kimevutwa tayari.

"Bado naamka," alisema. "Mwili haujaambiwa."

Aliitazama sare yangu, toka kola mpaka viatu, kisha akasogea mlangoni nipite.

"Kaa ule, wifi. Usije ukaanguka huko wakakuandika njaa."

Alisema bila kucheka. Nikakaa kwenye kile kiti. Alisimama karibu yangu, mwiko mkononi, akanisimamia mpaka nikamaliza sahani nzima.